Baridi Yabisi: Maji ya Madini Yanakusaidia Wapi?

Wateja wengi wenye baridi yabisi hutuuliza kabla hata ya kuvua viatu: je, maji haya yataniponya? Jibu letu ni hapana, na tunalitoa mapema ili mtu asilipie asichokipata. Ugonjwa huu hutokana na kinga ya mwili kugeuka na kushambulia utando wa ndani ya viungo. Utando huvimba, na usipotibiwa, gegedu na mfupa huanza kulika. Kinachozuia uharibifu huo ni dawa, mfano methotreksati, ambayo wagonjwa wengi huitumia mara moja kwa wiki. Tafadhali usiiache kwa sababu umeanza kuja kuoga.

Kazi kubwa ya maji ni kukutua mzigo. Ukisimama katika maji ya kiunoni, miguu hubeba takribani nusu ya uzito wako. Yakifika shingoni, hubeba kama sehemu moja ya kumi tu. Goti lililogoma nchi kavu hukunjika humo. Joto nalo hulegeza misuli iliyokaza kutokana na maumivu, ndiyo maana bwawa letu lina nyuzi 34 hadi 36. Ukiwa humo, kunja na kukunjua vidole polepole, kisha zungusha vifundo vya mikono. Usikae tu.

Na madini je? Bahari ya Chumvi inasifika kwa magnesiamu yake, na chemchemi nyingi za moto kwa salfa. Wapo wagonjwa wanaopata nafuu ya muda, lakini mapitio ya tafiti ya mwaka 2015 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba kuoga maji hayo kunashinda tiba nyingine. Kwa maoni yetu, joto, wepesi wa mwili na mapumziko ndivyo vinavyofanya sehemu kubwa ya kazi.

Kiungo kikiwa kimevimba na kina moto, au ukiwa na homa au kidonda kibichi, ahirisha, hatutakulaumu. Mwenye maradhi ya moyo, shinikizo la damu lisilotulia, mimba, au anayetumia dawa za kushusha kinga aanze kwa daktari wake.

Vua pete za fedha, maana salfa huzigeuza nyeusi. Dakika 15 hadi 20 zinatosha. Toka taratibu ukishika reli, kwa kuwa joto hushusha presha na kichwa huweza kuzunguka, kisha unywe maji na kupumzika kabla ya kuondoka.