Mtihani wa mwezi uendane na kilichofundishwa

Mhariri, salaam kutoka Makorora, Tanga. Mimi ni mzazi na hili suala linaniuma sana. Tangu 2005 mtaala wetu unasema mtoto ajengewe umahiri, yani aweze kufanya kitu, na ule ulioboreshwa ulioanza Januari 2024 unasisitiza hilohilo. Sasa mwalimu anajitahidi kweli, anawatoa watoto nje wapime uwanja kwa futi kamba, wanagombana wanakosoa wanarudia mpaka wanaelewa eneo ni nini, afu mwisho wa mwezi inaletwa pepa ya kununua stationari inauliza "eneo ni nini?" chagua A mpaka D, basi. Mwalimu akiona hivyo mwezi unaofuata atahangaika na uwanja wa nini? Ataandika ubaoni wakariri, na simlaumu hata kidogo.

NECTA, yani Baraza la Mitihani, wana mitihani yao ya taifa, sawa, ila hii ya ndani ni ya shule yenyewe. Naomba walimu wakuu wawape walimu muda wakae pamoja, azimio la kazi, yani mpango wa mada za kufundisha, liwe mezani, watunge maswali kabla ya mada kuanza, na kazi za vitendo zipewe maksi zinazoingia kwenye ripoti ya mtoto.

Mzazi, Makorora