Kaka, hizo testi za usiku

Kaka mambo vipi, huku Mwanza tupo salama, mvua inatusumbua kidogo tu.

Nimesoma ulivyoniandikia kuhusu testi za programu ya kikoba, zile zinazoikagua kama inafanya kazi sawa, kwamba mchana zinapita zote alafu usiku ile ya faini ya kuchelewa kurejesha mkopo inafeli, na vijana wako wanairudia tu mpaka ikubali. Hiyo ya kurudia waache kabisa! Angalia ilifeli muda gani, naamini utakuta ni kati ya saa sita usiku na saa tisa, maana sava yako inasoma UTC, ile saa ya kimataifa, na sisi tuko mbele masaa 3, yani mama anayeuza dagaa pale Mwaloni mwisho wake wa kurejesha ni Juni 30, akilipa saa saba usiku Julai 1 sava bado inasema Juni 30, sasa kachelewa au hajachelewa? Hapo ni hela ya mtu kaka, kaeni na kikoba waamue siku yao inaisha saa ngapi ndo muandike testi.

Alafu fanksheni ya faini, kile kipande cha programu kinachopiga hesabu yake, isijiulizie saa yenyewe, ipewe. Kwenye sava ipe saa ya kweli, kwenye testi ipe saa bandia mliyoisimamisha nyie, mfano Juni 30, 2025 saa 5:59 usiku, na muandike kabisa kwamba ni saa za Afrika Mashariki, pima, faini hakuna, sogeza dakika 2, pima tena, faini ipo. Basi. Zile slipu, yani amri za kuifanya testi isubiri sekunde kadhaa, toeni zote, siku mashine ikielemewa hazitoshi na siku zingine zinawachelewesha bure.

Msisahau kupima na Februari 29, 2024, ya mwaka mrefu. Na mkopo wa Januari 31 ukiongeza mwezi mmoja, lugha ya programu ya Java inakupa mwisho wa Februari ila ya JavaScript inakurusha Machi, na kama kweli mna wanachama London siku sio masaa 24 kila mara, Jumapili ya mwisho ya Machi wanasogeza saa mbele inabaki 23.

Testi moja tu iacheni itumie saa ya kweli, ihakikishe sava haijaunganishwa na ile bandia, hiyo ingenitisha kuliko zote.

Nitumie hiyo fanksheni kabla ya Ijumaa, wikiendi nitakuwa Ukerewe kwa wazee na netiweki huko siiamini. Msalimie shemeji.