Wimbo wa Vian haukutungwa kwa ajili ya Algeria

Ndugu Mhariri,

Ni miaka mingi nasoma gazeti lenu bila kuandika neno, lakini makala ya nyimbo za siasa za Ufaransa imenishinda kunyamazia. Mmesema Boris Vian, mwandishi na mtunzi wa Kifaransa, alitunga "Le Déserteur" (Mtoro wa jeshi) kupinga vita vya Algeria. Si kweli. Aliutunga mwanzoni mwa 1954, Ufaransa ikiwa vitani Indochina. Mwimbaji Mouloudji aliuimba Paris tarehe 7 Mei 1954, siku ileile Dien Bien Phu, ngome ya Wafaransa huko Indochina, ilipoanguka. Vita vya Algeria vilianza Novemba.

Kibaya zaidi, mmeuita wimbo wa mtu mpole. Ubeti wa mwisho alioutunga Vian kwanza ulikuwa wa vitisho: mtoro wa jeshi anamtaka Rais awaonye askari wake kwamba ana silaha na anajua kulenga. Mouloudji ndiye aliyeomba ubadilishwe, ukawa huu tuuzoeao: hana silaha, wampige risasi wakitaka. Akamwondoa na Rais kwenye mstari wa kwanza, akaweka wakubwa wasiotajwa cheo. Siasa yote ya wimbo imo humo! Ni barua ya raia kwa mkuu wa nchi, yenye adabu zote, kwa mistari mifupi ya silabi sita: nakuandikia, labda utaisoma ukipata nafasi. Kisha, kwa adabu hiyohiyo, anakataa amri na kuahidi kupita njiani akiwahimiza wengine wakatae. Ukimfuta Rais, barua imekosa mwenyewe. Na pamoja na kulainishwa huko, ulipigwa marufuku redioni hadi 1962.

Kosa hilo mmelirudia kwa "Le Temps des cerises". Jean-Baptiste Clément aliuandika 1866, miaka mitano kabla ya Komyuni ya Paris, serikali ya waasi wa mji huo. Ulikuwa wimbo wa mapenzi. Wanakomyuni waliouawa 1871 ndio walioupa uzito mwingine, kwa kuwa mtunzi alikuwa upande wao.

Redio zetu nazo hazisaidii. Juzi kituo kimoja kiliupiga wimbo wa Vian, mtangazaji akaukatiza kwa salamu za wasikilizaji kabla ya ubeti wa mwisho, uleule uliobadilishwa.

Chapeni masahihisho katika ukurasa uleule, kwa herufi za ukubwa uleule. Wekeni mwaka wa kutungwa, mwaka wa kuimbwa hadharani na jina la mwimbaji, kisha ubeti wa mwisho kwa namna zote mbili, ule wa kwanza na ule uliobadilishwa, zikiwa sambamba.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Tanga