Msiwahimize wakulima kuua kila kichuguu

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa kilimo katika toleo lililopita ulimshauri mkulima amimine dawa ya wadudu au oili chafu ndani ya kila kichuguu kabla ya kulima. Ninaupinga ushauri huo, na ninaandika sasa kwa kuwa mvua za kwanza zi karibu na watu wanasafisha mashamba.

Mchwa wa vichuguu vikubwa, wanaoitwa kitaalamu Macrotermes, ni wakulima kama sisi. Mti mkavu hawawezi kuumaliza wenyewe. Vibarua wachanga hula majani makavu na vijiti pamoja na vipunje vyeupe vya kuvu, kisha kinyesi chao, kilichojaa mbegu za kuvu hiyo, hupangwa tabaka juu ya tabaka hadi kikawa sega. Humo huota kuvu iitwayo Termitomyces, ambayo huvunjavunja ile sehemu ngumu ya mti. Sega likishaiva, vibarua wakubwa hulila. Kiota hukaa kwenye joto la nyuzi 30 hivi, kiangazi na masika. Ushirika huu ulianzia hapahapa Afrika, yapata miaka milioni 30 iliyopita. Huko Amerika wako chungu, yaani sisimizi, wanaolima kuvu pia, lakini walianza kivyao kabisa: chungu ni jamaa wa nyigu na nyuki, mchwa ni jamaa wa mende.

Na shamba hilo lina magugu. Kuvu nyingine, Pseudoxylaria, hujificha ndani ya sega, na mchwa wakiondolewa huchipuka na kulifunika lote kwa siku chache. Mchwa huizuia kwa usafi wao usiokoma, na wanao wasaidizi. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba bakteria wa jamii ya Bacillus wanaoishi na Macrotermes natalensis, mchwa wa kusini mwa Afrika, hutengeneza kemikali inayolidhoofisha gugu hilo huku ikiiacha kuvu ya chakula iendelee kukua. Chungu wa Amerika nao hubeba mwilini bakteria wa kazi hiyohiyo, kama walivyoeleza Cameron Currie na wenzake mwaka 1999. Kwa hiyo anayemwaga sumu kichuguuni haui mdudu peke yake. Anavunja kaya nzima.

Sisi tunaokaa kwenye misitu ya miombo tunaijua faida ya kaya hiyo kwa mdomo. Ule uyoga mkubwa unaouzwa kando ya barabara masika ni tunda la kuvu hiyohiyo. Ung'oe taratibu utaona mzizi mrefu unaoshuka hadi kwenye sega. Nchini Zambia upo wa aina ambayo kofia yake hufikia upana wa mita moja. Uyoga wa mamama unaweza kuoteshwa bandani kwa pumba na mabua. Huu wa vichuguu huwezi kuutegemea bila mchwa. Aina nyingi za mchwa hawa hata hawaachiwi kuvu na wazazi: kumbikumbi wakishatua na kuanza kaya mpya, vibarua wao wa kwanza huzikusanya mbegu za kuvu huko nje, na zinatokana na uyoga uliochomoza. Hapo ndipo ninapoogopa zaidi. Uyoga na kumbikumbi wa kichuguu kilichomiminiwa sumu vitaishia kwenye sufuria ya nani? Makala yenu haikusema neno. Dieldrin, iliyowahi kutumika sana kuulia mchwa, iliingizwa katika marufuku ya mkataba wa kimataifa wa Stockholm wa mwaka 2001, kwa sababu haiozi upesi na hujikusanya mwilini.

Udongo nao tusiusahau. Huko Laikipia, Kenya, watafiti waliochunguza vichuguu vya mchwa wengine wanaolima kuvu, Odontotermes, walikuta mimea, wadudu na hata mijusi wakistawi zaidi karibu navyo, na mwaka 2015 wakaonyesha kwamba vichuguu husaidia nyika kustahimili ukame. Wakulima wetu wanaosambaza udongo wa kichuguu kwenye bustani wanajua wanachofanya.

Sikatai kwamba mchwa huharibu. Kenchi za nyumba, miche ya mikaratusi, mahindi yaliyoangushwa na kuachwa chini, vyote hivyo huliwa, na nyumba lazima ilindwe. Ila shambani mchwa hupenda kwanza vilivyokufa. Ukichoma mabua yote baada ya mavuno, umewaachia mmea wako tu. Acha matandazo, vuna mapema, usilaze mahindi ardhini. Kama kipo kichuguu kinachokutesa kweli, mwite bwana shamba akiangalie hicho kimoja.

Naomba toleo lijalo lisahihishe ushauri ule, na liwaonye waziwazi wasomaji waliokwisha kumwaga dawa wasichume uyoga wala kukinga kumbikumbi kwenye vichuguu hivyo.

Msomaji wenu,
Mkulima na mchuma uyoga,
Tabora