Kipimo cha damu hakisemi kama bado una kinga ya kifaduro

Wateja wanaotarajia mjukuu huja maabara yetu hapa Malindi wakitaka wapimwe damu, wajue kama chanjo ya utotoni bado inawalinda na kifaduro. Kwa swali hilo hatupimi, maana jibu lingekupotosha.

Kingamwili, yaani protini za kinga zinazoelea kwenye damu, hupungua miaka michache baada ya chanjo au ugonjwa. Zikipatikana nyingi sana, huonyesha tu kwamba umekutana na bakteria au umechanjwa karibuni. Lakini nyuma yake kuna seli T za kumbukumbu, aina ya seli nyeupe za damu, ambazo zikikutana tena na Bordetella pertussis, bakteria wa kifaduro, huzaana na kuziita seli nyingine vitani. Mtu mzima mwenye afya anaweza kuwa na kingamwili kidogo kabisa, na seli hizi bado zikamtambua adui.

Kuzipima ni kazi ya maabara za utafiti. Damu lazima iwe mbichi, seli nyeupe zitenganishwe zingali hai, kisha zilazwe siku kadhaa pamoja na protini za bakteria, ionekane kama zinazaana au zinatoa interferoni gama, protini ambayo seli hutumia kuamsha kinga. Damu ikikaa juani ndani ya tuktuk, seli hufa na majibu husoma kana kwamba huna kinga. Hata zikipona, hakuna kiwango kilichokubaliwa kwamba ukikifikia umesalimika.

Pesa yako ni afadhali uitumie ukiwa unakohoa. Kwa mtu mzima kifaduro mara nyingi hakina ule mlio wa kuvuta pumzi baada ya kukohoa: ni kikohozi cha mfululizo, bila homa kubwa, pengine hadi kutapika. Njoo ndani ya wiki 3 za mwanzo. Baadaye bakteria hutoweka ingawa kikohozi kinabaki. Kijiti hupitishwa puani hadi nyuma kabisa, nacho ni cha poliesta, kwa kuwa pamba ina mafuta yanayoua bakteria hawa kabla hawajaoteshwa. Kikohozi kikipita wiki 2, acha na makohozi yapimwe kifua kikuu.

Tunalosisitiza zaidi ni arobaini. Mtoto hudungwa sindano ya kwanza ya kifaduro akiwa na wiki 6, kisha 10 na 14. Kwa hiyo siku zote hizo za kutembelewa na kupakatwa hana kinga ila ile aliyopewa na mamake tumboni. Kinga yako ya seli inaweza kukupunguzia makali, ukahisi mafua tu, na bado ukamwambukiza. Anayekohoa amsalimie mzazi kutoka mlangoni. Akishagundulika na kifaduro, asimpakate mtoto mpaka amalize siku 5 za antibiotiki aliyoandikiwa na daktari.