Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Lamu

Assalaam aleikum, walimu wenzangu.

Ya fedha mtayasikia kwa mweka hazina. Mimi nasema tu kwamba ada zenu, kwa waliolipa, zimetosha nauli za boti na karatasi. Safari ya Faza tuliiahirisha mara mbili kwa ajili ya kusi, tukaenda bahari ilipotulia.

Vikao vyetu vingi mwaka huu tulivitumia kuifuatilia kazi ya mwalimu mmoja, Jeanne Chall, aliyechunguza jinsi watoto wanavyojifunza kusoma. Alizaliwa Poland mwaka 1921, akahamia New York na wazazi wake akiwa na miaka 7, kwa hivyo Kiingereza alikikuta ugenini, kama watoto wetu wanavyokikuta shuleni. Mwaka 1948 yeye na Edgar Dale walitoa kipimo cha ugumu wa maandishi. Mwaka 1965 akaingia Chuo Kikuu cha Harvard, akafundisha huko hadi 1991.

Lililomtia katika mabishano ni kitabu chake cha 1967. Walimu wa Marekani walikuwa wakizozana: mtoto aanze na herufi na sauti zake, au alitazame neno zima alikariri? Chall alipekua tafiti za miaka mingi, akaingia madarasani kujionea, akasema wanaoanza na sauti hutangulia. Hapo nilicheka peke yangu. Chuoni, yaani madrasa, ni nani kati yetu hakuimba "alifu fataha a"? Na ba-be-bi-bo-bu si ndugu yake? Nakiri niliwahi kuwakemea walimu wapya kwa kuimbisha silabi, nikidhani ni mambo ya kale.

Lakini tusijisifu mapema. Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa, basi mtoto wa gredi ya pili atateleza ukurasa mzima bila kukwama, na ukimuuliza amesoma nini, anakutumbulia macho. (Wengine wetu tulihitimu msahafu hivyo hivyo.) Chall alisema mtoto kwanza hujifunza kusoma, kisha husoma ili ajifunze, na katikati hapo ndipo wengi hupotea. Mwaka 1990 yeye na wenzake walieleza jinsi watoto wa maskini walivyokwenda sawa na wenzao hadi darasa la tatu, kisha wakaanza kuachwa darasa la nne, maneno ya vitabuni yalipokuwa si yale ya nyumbani. Kwetu gredi ya nne ndipo masomo yanapogeukia Kiingereza. Mzigo juu ya mzigo.

Kwa hivyo naomba mkutano uidhinishe jambo moja: kila kipindi cha kusoma kimalizike kwa mtoto kusimulia alichosoma, kwa lahaja ya nyumbani, Kiamu au Kibajuni, akipenda, na hilo lianze gredi ya kwanza, lisingoje ya nne. Najua dakika hazitoshi. Tupunguze kunakili ubaoni.

Kikao cha kwanza cha walimu wa gredi ya tatu na ya nne kitakuwa Mokowe, Jumamosi ya kwanza shule zikifunguliwa. Boti italipiwa na chama. Chakula kila mtu aje na chake.