Ziwa Turkana lahitaji vichanja kabla ya kiwanda

Mhariri,

Kila bajeti ya kaunti inapokaribia, viongozi wetu hapa Turkana huanza tena kuahidi kiwanda cha kisasa cha samaki, nasi wananchi hupiga makofi kana kwamba hatujapata kukiona kiwanda cha aina hiyo. Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kwa nini mimi, ambaye riziki yangu hutokana na samaki wa ziwa hili, nisingependa fedha hizo zizikwe katika jengo jingine kabla wavuvi na wakaushaji hawajapata vitu vidogo wanavyovihitaji kila siku, kwanza kabisa vichanja vya kukaushia samaki.

Kiwanda tulishapewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Norway, kupitia shirika lake la misaada la Norad, ilitujengea kiwanda cha kugandisha samaki huko Kalokol, kwenye ufuo wa magharibi wa ziwa, kwa matumaini kwamba minofu ya sangara ingeuzwa mbali na hapa. Kilifanya kazi kwa muda mfupi sana kikazimwa, kwa kuwa kugandisha samaki katika joto la jangwani kulihitaji umeme mwingi na maji safi mengi kuliko yaliyokuwapo, na gharama ikaishinda bei ya samaki wenyewe. Baadaye jengo likageuzwa ghala la samaki wakavu, jambo ambalo peke yake lingetosha kutuonyesha soko letu liko wapi. Wageni wanaosimulia kisa hicho hupenda kusema kwamba kiwanda kilikufa kwa sababu Waturkana ni wafugaji wasiojua samaki. Si kweli. Walioishi kandokando ya ziwa walivua kwa vikapu kwenye maji ya kina kifupi kabla nyavu za nailoni hazijaletwa, na jirani zao Waelmolo wa Loiyangalani, upande wa mashariki wa ziwa, wameishi kwa samaki tangu jadi. Waliokosea hesabu ni waliochora ramani ya kiwanda.

Lipo kosa lao jingine linalonitia hofu zaidi, maana naona tunaelekea kulirudia. Wakati huo samaki wengi wa upande huu walitoka katika Ghuba ya Ferguson, maji ya kina kifupi yaliyokingwa na ulimi wa mchanga wa Longech, ambamo ngege (tilapia) huzaliana. Katikati ya miaka ya 1970 ghuba ilikuwa imejaa na ngege walivuliwa kwa wingi usio wa kawaida. Miaka kumi hivi baadaye maji yalirudi nyuma, ghuba ikakauka. Ziwa hili halina mto unaotoka, na zaidi ya asilimia 80 ya maji yake huletwa na Mto Omo, kwa hiyo hupanda na kushuka kwa kufuata mvua ya nyanda za juu za Ethiopia na, tangu bwawa la Gibe III lilipozinduliwa mwaka 2016, kwa kufuata pia maamuzi ya wanaolifungua na kulifunga bwawa hilo. Mwaka 2018 UNESCO iliziingiza mbuga za ziwa hili katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, na hofu kubwa ilikuwa kupungua kwa maji. Haikupita miaka mingi maji yakapanda, yakafunika nyumba, barabara na fuo za kupokelea samaki. Mahali ambapo ukingo wa maji wenyewe huhama, jengo kubwa la saruji lililowekwa leo kwenye ufuo litakuja kuzama au kuachwa nchi kavu, na hakuna mhandisi anayeweza kutuapia ni lipi kati ya hayo mawili. Kinachofaa kununuliwa ni kile kinachoweza kung'olewa, kikapakiwa kwenye lori na kusimikwa kwingine.

Ningependa utume mwandishi wako Kalokol asubuhi moja aone samaki wanapoharibikia. Samaki akishapasuliwa mgongoni, akatolewa matumbo na kupakwa chumvi, mwanamke aliyemnunua humtandaza juu ya kokoto, na asipopata kokoto, juu ya mchanga. Upepo wa kusini-mashariki, ambao huku huvuma kwa ukali tangu usiku hadi asubuhi, hurusha mchanga ukanasa kwenye nyama ambayo bado ni mbichi, na nzi hutaga mayai kabla chumvi haijakolea. Ng'onda hao wakishafungwa marobota na kukaa siku kadhaa wakisubiri lori, wadudu wadogo weusi huanza kuwatoboa kutoka ndani. Robota likifika Kitale, mnunuzi hulifungua, humtoa mmoja na kumgonga kwenye ubao. Mchanga ukidondoka pamoja na unga wa wadudu, bei hushuka papo hapo, wala hakuna cha kujadiliana, kwa kuwa muuzaji hana nauli ya kurudi na mzigo. Robota safi lingeendelea hadi Busia, na pengine livuke mpaka hadi Kongo, ambako samaki wetu wakavu wana wateja.

Dawa ya hasara hiyo haihitaji mfadhili kutoka ng'ambo. Kichanja kilichoinuliwa hadi usawa wa kiuno, kikatandikwa wavu, humwepusha samaki na mchanga na kumkausha pande zote mbili kwa muda mfupi zaidi. Nguzo zake zinaweza kukatwa kwenye mathenge, mti uliovamia malisho yetu na ambao hakuna mfugaji atakayeulilia. Ongeza chumvi ya kutosha, banda la kuhifadhia marobota lenye sakafu iliyoinuliwa, na mashine ndogo za barafu zinazotumia umeme wa jua kwa ajili ya sangara wanaouzwa wabichi. Nataja jua kwa sababu upepo tayari una mwenyewe: karibu na Loiyangalani mitambo 365 huzalisha hadi megawati 310, na umeme huo husafirishwa zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa. Sisemi ni vibaya taifa kupata umeme, lakini anayehesabu samaki wanaooza kwa kukosa barafu hawezi kuitazama mitambo hiyo bila kunung'unika kidogo.



Katiba ya 2010 iliukabidhi uvuvi kwa kaunti, kwa hiyo kaunti za Turkana na Marsabit hazina haja ya kuingoja Nairobi ndipo zinunue vichanja. Naziomba zitenge fedha hizo katika bajeti ijayo, na kabla ya zabuni kutangazwa zivikutanishe vikundi vya usimamizi wa fuo, wakiwamo wanawake wakaushaji ambao mara nyingi hawaalikwi, ili wao ndio waseme vichanja viwekwe wapi na ni vingapi. Maadamu maji yamerudi katika Ghuba ya Ferguson, maafisa wa uvuvi nao waingie humo na boti yenye mafuta, wazikamate nyavu za kukokota ufuoni zinazozoa ngege wachanga, pamoja na wenye nyavu hizo, ambao kila mtu Kalokol anawajua.

Mchuuzi wa samaki,
Lodwar, Kaunti ya Turkana